Msitu wa manispaa Tabora: tufungue nini, tufunge nini?

Ukingo_wa_Mbuga (mleta mada)

Mwangaluka wadau. Naomba mawazo ya watu wanaoifahamu misitu ya miombo, si hotuba za siku ya kupanda miti.

Msitu wenyewe ni mali ya manispaa, pembezoni mwa mji, kama hekta 420. Kuna miti ya mtundu, muba na myombo kwa wingi, mninga michache iliyosalia, na katikati mbuga inayojaa maji wakati wa mvua. Mitaa minne imepakana nao. Wanaoingia ni akina mama wa kuni, wachuma uyoga, warina asali, wachungaji, vijana wa mazoezi ya asubuhi na wapiga picha za harusi. Usiku yanaingia malori kufuata moramu, na yakirudi yanamwaga taka. Moto hupita karibu kila mwaka, mwezi wa nane au wa tisa.

Kamati ya Mipango Miji na Mazingira inataka rasimu ya mpango wa miaka 5. Wajumbe wamegawanyika: wapo wanaotaka ufungwe kabisa, na wapo wanaotaka vibali vya mkaa "ili msitu ujilipie". Kipi kinawezekana, na tuanzie wapi?

Mtundu_na_Muba

Kabla ya yote, nendeni masijala mkaangalie msitu huo ni nini kisheria. Watu wengi husema "msitu wa manispaa" wakimaanisha eneo lililopakwa rangi ya kijani kwenye mchoro wa mipango miji. Hilo si sawa na msitu wa hifadhi wa serikali za mitaa uliotangazwa kwenye Gazeti la Serikali kwa Sheria ya Misitu ya 2002, wenye maelezo ya mpaka na ramani ya JB, yaani ramani rasmi ya mipaka ya msitu. Ukiwa umetangazwa, kukata, kuchoma, kuchunga na kuchimba bila kibali ni makosa tayari, hata kabla hamjatunga sheria ndogo yoyote. Kama ni kijani cha mchoro tu, mkilala wakati matumizi ya ardhi yanabadilishwa mtaamka na kukuta viwanja vimepimwa. Hapo kazi ya kwanza ya mpango ni kuanzisha mchakato wa kuutangaza, na mengine yaende sambamba.

Sasa mkaa. Wapelekeeni wajumbe hesabu hii kwenye karatasi moja. Miombo ya kawaida hukua kama mita za ujazo 1 hadi 3 kwa hekta kwa mwaka. Chukua 2: hekta 420 zinazaa mita za ujazo 840. Kwa uzito mkavu, tuseme kilo 700 kwa mita ya ujazo, ni tani 590 hivi. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa mkaa wa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa kuni. Chukua 15, upate tani 88, yaani magunia 1,770 ya kilo 50 kwa mwaka mzima. Gawa kwa siku: hayafiki magunia 5. Na hapo umekata ukuaji wote, hujabakiza hata fito. Manispaa ina watu zaidi ya 300,000 kwa sensa ya 2022. Huo si mradi, ni utani.

Kuni je? Ukiruhusu robo tu ya ukuaji itoke kama kuni zilizoanguka, ni tani 147. Kaya inayobeba mzigo mmoja wa kilo 20 kwa wiki hutumia tani moja na kidogo kwa mwaka. Kwa hiyo msitu unaweza kulisha kaya kama 140. Ndiyo maana orodha ya waokota kuni lazima iwe ya kaya zilizopakana na msitu na zisizo na uwezo, ipitishwe kwenye mkutano wa mtaa na ibandikwe ukutani. Mkisema "wananchi wote", wenye maguta watawahi kabla ya wenye kata za kichwani.

Kanuni za kuni zenyewe ziwe fupi kiasi cha mlinzi kuzishika kichwani. Zichukuliwe kuni zilizolala chini tu, zisizozidi unene wa kifundo cha mkono. Panga na shoka haviingii. Siku ziwe mbili kwa wiki, mzigo ubebwe kichwani, si kwa baiskeli. Mti mkavu uliosimama usiguswe, kwanza kwa sababu nyuki na ndege hukaa humo, na pili kwa sababu ndio mlango wa ujanja. Mtu humenya gome kwa pete kuzunguka shina leo ili mti ufe, anaondoka, na baada ya miezi kadhaa anarudi kuchukua "kuni kavu" kwa amani. Mlinzi akague mashina chini kabisa, usawa wa goti kushuka. Pete nyingi hufichwa na majani.

Fyekeo

Naunga mkono hesabu ya Mtundu, ila kwa msitu huo adui mkubwa ni huo moto wa mwezi wa nane kuliko shoka. Miombo ikikatwa huchipua. Visiki vya muba na mtundu vinatoa machipukizi kama hasira. Lakini moto wa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka kama karatasi, unayaua machipukizi kila mwaka, mpaka mizizi inachoka na panabaki nyasi. Wenzetu wa Zambia walianza majaribio ya moto Ndola mwaka 1933. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza karibu miti yote vikabaki nyasi, na vile vilivyochomwa mapema vilibaki msitu.

Kwa hiyo chomeni nyinyi kabla hajachoma mwingine. Tabora mvua zinakatika mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni. Dirisha lenu ni kuanzia katikati ya Mei hadi Juni. Shika konzi ya majani: yakipinda bila kuvunjika, ni mapema. Yakivunjika vipande vipande kwa sauti, umechelewa. Mnataka yale yaliyokauka juu na bado yana ukijani chini. Washa kuanzia saa 10 alasiri, upepo ukiwa mdogo, moto ukienda kinyume na upepo. Usiku wa Juni kuna umande na baridi, moto mwingi unajizima wenyewe.

Barabara ya kuzuia moto ya mpakani msiilime yote, ni kazi ya kupoteza pesa. Pareni mistari miwili, kila mmoja upana wa mita 1.5 hadi 2, mpaka udongo uonekane, ikiwa mbali mita 10. Halafu chomeni kipande kilicho katikati ya mistari hiyo. Watu 10 wenye reki, mafyekeo na matawi mabichi, pamoja na pampu 3 za mgongoni za lita 15 au 20, wanatosha kwa sehemu moja kwa jioni moja. Asiondoke mtu kabla magogo yanayofuka hayajamwagiwa maji na kufukiwa. Mioto mingi ya "haijulikani chanzo" ni gogo la jana lililopulizwa na upepo wa saa 5 asubuhi.

Kosa la pili ni kupenda moto kupita kiasi. Msichome msitu wote kila mwaka. Gaweni vitalu, theluthi moja ichomwe mapema mwaka huu, nyingine mwakani. Pale palipokatwa sana pasichomwe kabisa hadi machipukizi yapite urefu wa mtu. Visiki vilivyochanika vikatwe upya kwa mshazari ili maji yasituame, na baada ya miaka miwili machipukizi yapunguzwe yabaki 2 au 3 kwa kisiki.

Kuhusu mninga: mche wake hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikianza, kwa miaka mingi mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Mtu akiona kijiti cha sentimita 20 anadhani ni cha mwaka jana, kumbe kina miaka 7. Jembe likipita hapo "kupanda miti", mmeng'oa mninga halisi ili mpande mche wa kitalu utakaoliwa na mchwa.

MzingaWaMbao

Hilo la mwisho lirudiwe kwa herufi kubwa ndani ya mpango. Mikaratusi isiingie humo. Kama wadhamini wanataka kupanda, wapande nje, mashuleni na mashambani. Mti wa kigeni uitwao Acacia crassicarpa umefanyiwa utafiti kwenye kituo cha Tumbi hapo hapo Tabora, na kuni zake huvunwa baada ya miaka 4 hadi 5. Kila mzigo unaotoka huko ni mzigo mmoja msitu umepumua.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki. Msitu wa mji uuze vitu vinavyorudi kila mwaka: asali, uyoga, matunda pori ya mbula na ntalali, majani ya kuezekea. Hapo ndipo jibu la "ujilipie" lilipo.

Asali: pigeni marufuku mizinga ya magome na ya magogo ndani ya msitu huu. Mzinga mmoja wa gome ni mti mmoja umevuliwa nguo na kufa, na gome zuri hutoka kwenye myombo na mtundu, miti ile ile nyuki wanayoitegemea kwa chakula. Ruhusuni masanduku ya mbao peke yake. Vijiti vya juu viwe upana wa milimita 32 kamili, ndiyo nafasi ya nyuki wetu. Fundi akiweka 35 au 36, masega yanajengwa kwa kukatiza na urinaji unageuka kuwa ubomoaji. Ning'inizeni kwa waya kimo cha kiuno, waya upakwe grisi kuzuia siafu, na msitundike penye tawi la kumsaidia nyegere. Kundi moja lisizidi mizinga 20 au 30, na likae angalau mita 300 kutoka njia za watu, malisho na nyumba. Nyuki wa Tabora hawana mzaha na mtu anayekimbia akitoka jasho.

Na msisahau: mwenge wa kurinia ndio chanzo kimojawapo cha moto aliousema Fyekeo. Kibali cha kurina kitolewe kwa mwenye bomba la moshi, mavazi na ndoo yenye mfuniko. Asiye navyo akodishiwe na kikundi. Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapo mjini, hakuna kisingizio cha kukosa mafunzo.

Uyoga: wajumbe wengi hawajui kwamba uyoga mwingi unaouzwa kwa visado kando ya barabara wakati wa mvua unaishi na mizizi ya mtundu na muba. Hauoti shambani, haupandwi. Mti ukiondoka, uyoga nao unaondoka. Kuuchuma kwenyewe hakuumizi sana. Kinachouua ni kukwangua majani yaliyooza ili kutafuta vichanga, ng'ombe kukanyaga udongo uliolowa, na moto mkali. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi fungulieni wachumaji bure, kwa kapu na si gunia, bila jembe wala reki. Msiwatoze akina mama wale. Gharama ya kukusanya itazidi makusanyo, na mtapoteza macho 50 yanayoona kila kinachoendelea msituni.

Ukingo_wa_Mbuga

Ahsanteni sana, hii ya magunia 5 kwa siku itamaliza mjadala. Mawili yamebaki: ng'ombe, maana wachungaji ni wapiga kura pia, na malori. Pia mwanasheria anauliza kama mkataba wa usimamizi wa pamoja, kati ya manispaa na wananchi, unaweza kusainiwa na mtaa.

Fyekeo

Ng'ombe wachache kwenye mbuga, kiangazi, mimi ningeruhusu. Majani wanayokula ni kuni za moto zinazopungua. Iwe mbuga tu, kuanzia Juni hadi Oktoba, idadi iandikwe kwa jina la mwenye ng'ombe, na njia ya kuingilia iwe moja.

Mtundu_na_Muba

Fyekeo, hapo sikubaliani nawe. Kwenye karatasi ni sawa, uwanjani ng'ombe hasomi karatasi. Mbuga ikikauka mwezi wa nane watapanda juu kwenye machipukizi, na mchungaji atakata matawi awape majani. Kisha nani anahesabu? Mlinzi mmoja hawezi kutofautisha ng'ombe 40 wa kibali na 40 wa shemeji yake. Ningeanza na kukata majani na kubeba, kwa kibali cha bei ndogo, mwaka wa kwanza na wa pili. Mpaka ukishaonekana na walinzi wakishazoea, mjaribu mbuga kwa msimu mmoja mkiwa na alama ya rangi mgongoni kwa kila ng'ombe wa kibali. Wazo la kupunguza majani ni zuri, ila linahitaji usimamizi ambao hamjaujenga bado.

Kuhusu mtaa: mwanasheria wenu ameuliza la maana. Halmashauri ya kijiji ni chombo kinachoweza kushtaki na kushtakiwa, mtaa wa mjini si hivyo. Kwa hiyo mkataba ufungwe na kikundi kilichosajiliwa cha watumiaji wa msitu kutoka mitaa hiyo minne, na wenyeviti wa mitaa wawe mashahidi. Mkataba utaje vitu kwa idadi: doria ngapi kwa wiki, nani anatunza kitabu cha matukio, vifaa vilivyokamatwa vinalala wapi, na mgao wa makusanyo ni asilimia ngapi na unalipwa lini. Mikataba mingi ya aina hii hufa kwenye mgao. Wananchi walilinda, pesa ikaingia kwenye akaunti kuu, na hakuna aliyeiona tena.

Zege_Moja_Mbili_Nne

Nijibu malori na mpaka, ndiyo kazi ya mikono.

Mpaka kwanza. Mzunguko wa hekta 420 ni kama kilomita 9, kutegemea umbo. Vigingi vya zege kila mita 100 na kwenye kila kona, tuseme 90. Kigingi cha sentimita 15 kwa 15, urefu 120, nusu ikiwa ardhini, kina mita za ujazo 0.027. Vyote 90 havifiki mita za ujazo 2.5, yaani mifuko kama 16 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Tia nondo mbili za milimita 8, bila hizo kinavunjwa kwa nyundo siku moja. Andikeni maneno kwenye zege likiwa bichi. Mabango ya bati na nguzo za chuma msijisumbue, yataishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Katikati ya vigingi fyekeni mkuza, yaani ukanda wa mpaka, wa mita 5, na mistari miwili ya mijohoro au mitiki ipandwe Desemba kwa nafasi ya mita 3. Faida yake ni kwamba mstari ulionyooka wa mti mgeni unaonekana hata na mtu anayesema "sikujua". Mpimaji wa manispaa awepo pamoja na majirani wote wakati wa kuchimbia, wasaini. Kigingi kilichowekwa kimyakimya kinahamishwa kimyakimya.

Malori: geti bila mlinzi ni mapambo. Chimbeni mtaro kukata njia zote za zamani za magari isipokuwa moja, kina mita 1.5 na upana mita 1.5, udongo wote urundikwe upande wa ndani uwe tuta. Ukirundikwa nje, dereva na matingo wake wanaurudisha kwa dakika 20. Mtaro uanzie kwenye mti mkubwa au jiwe na uishie kwenye mti mkubwa au jiwe, la sivyo wanaupita pembeni. Shimo la moramu lililoachwa wazi huita taka, kwa hiyo kingo zake zishushwe ziwe mteremko, na udongo wa juu uliokwanguliwa urudishwe kabla ya mvua. Taka zilizopo zitolewe kwanza. Hakuna anayeogopa kumwaga juu ya lundo.

Njia za miguu: palipo na mbuga, watu hukwepa tope, njia moja inazaa tano. Hamisheni njia ikae kwenye ukingo wa kichanga, hata ikiongeza mita 200. Pale ambapo lazima ivuke, inueni tuta la upana wa mita 1.5 na mifereji pande zote mbili, na kalavati dogo katikati. Kwenye mteremko wekeni magogo ya mshazari kutoa maji nje ya njia, yafukiwe nusu. Za mazoezi na matembezi zitoshe mbili, upande wa mjini, mbali na mizinga. Bodaboda zizuiwe kwa nguzo tatu za zege zilizopangwa kwa kupishana, mtu na mzigo wa kichwani apite, pikipiki ishindwe kukata kona. Wapiga picha wa harusi watozwe kwa namba ya malipo ya manispaa, hao wana uwezo.

Mtundu_na_Muba

Nyongeza moja kwa rasimu. Kabla ya kupanga vitalu vya Fyekeo, pimeni. Gridi ya mita 300 kwa 300 itawapa sampuli kama 46, kila moja duara la nusu kipenyo mita 15. Ndani ya mita 2 kutoka katikati pimeni miti yote kuanzia unene (kipenyo) wa sentimita 1, ndani ya mita 5 kuanzia sentimita 5, ndani ya mita 10 kuanzia sentimita 10, na mpaka mita 15 ile ya kuanzia sentimita 20. Kipimo ni kwenye kimo cha mita 1.3. Timu ya watu 5 inamaliza sampuli 5 kwa siku, yaani siku 9 au 10. Hesabuni na visiki, andikeni kipi kimekatwa na kipi kimechunwa gome. Rudieni baada ya miaka 5 kwenye sehemu zile zile. Bila hivyo, mpango wa pili utaandikwa kwa kukisia kama wa kwanza.

Kasma

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Kuchoma mapema ni Mei na Juni, wakati ambao kila idara imebaki na karatasi tupu. Kazi hiyo ikiwekwa robo ya nne haitafanyika, fedha itachelewa, mtachoma Agosti, na hapo mmekuwa ndio wachomaji. Iombeeni kasma (fungu la bajeti) yake yenyewe, itolewe robo ya tatu. Pampu, reki na chakula cha vibarua vinunuliwe kabla ya Machi 31, vikae stoo. Vigingi vitengenezwe Agosti hadi Oktoba, maji ya kumwagilia zege yakiwa shida lakini njia zikiwa kavu. Miche iagizwe kitaluni mapema ili iwe tayari Desemba. Sheria ndogo iende Kamati za Maendeleo ya Kata sasa, maana kutoka hapo hadi Baraza la Madiwani, tangazo kwa wananchi, ridhaa ya Waziri na Gazeti ni safari. Mkisubiri rasimu ya mpango ikamilike ndipo muanze sheria ndogo, mwaka wa kwanza wa mpango utaisha walinzi hawana hata cha kumwonyesha mtu wa panga.